Kikombe cha Mama wa Pili

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni mwa jiko la watu huko Harrow, vitumbua vyangu vimemwagika sakafuni, na mwanamke wa Kichina kaning'ang'ania shingoni analia. Msomaji mmoja wa Tanga kaniandikia: "Bibi we, huyo ni nani? Mbona watuua roho?" Haya, bwana. Leo nasema. Nikishasema msije mkanionea huruma, maana haya yote niliyataka mwenyewe.

Kwa asiyenijua, mie ni Mwatima, mzaliwa wa Unguja. Nilitoka baada ya Mapinduzi, nikaja London kusomea unesi. Mume wangu ni Malek, na mtoto tunaye mmoja tu, Zuweina. Mwaka huo ninaousimulia, tisini na sita, Zuweina alikuwa anaolewa na Kiat, kijana wa Kichina aliyekulia Malaka. Kiat alisilimu kwa hiari yake, akajifunza kusali, hata Malek aliyekuwa akimwita "yule Mchina wako" akaanza kumwita mwanangu. Chai ya kimila ya kwao ilikuwa Jumamosi, nikaha yetu Jumapili. Mama yake Kiat alifika kutoka Malaka Jumatano, akafikia kwa shemeji yake Harrow, na Ijumaa mchana nikaenda kumwamkia na sahani yangu ya vitumbua.

Ndipo akafungua mlango, na sahani ikanitoka mkononi.

"Tima!" akawa anasema. "Tima wangu! Ni wewe!"

Jina hilo nilikuwa sijaitwa tangu mwaka sabini na moja. Aliyekuwa akiniita hivyo ni mtu mmoja tu.

"Margaret," nikasema.

"Mimi ndiye!" Akaniachia, akanishika mashavu, akacheka, akalia tena. "Basi bibi harusi ndiye yule mtoto? Nililiona jina kwenye kadi nikadhani wamefanana majina tu! Zuweina huyu ni yule uliyekuwa ukimlaza kwenye droo ya kabati?"

"Ndiye."

"Mungu wangu! Kiat! Kiat, njoo!"

"Usimwite," nikasema.

Alikuwa hayupo, kaenda kuazima viti. Nikashukuru kimoyomoyo, na mara hiyohiyo nikajionea aibu kwa kushukuru.

Mtaniuliza, we Mwatima, kadi ya harusi hukuisoma? Niliisoma. Kwenye kadi mama yake Kiat aliandikwa Bi. Geok Neo. Mie ninayemjua ni Margaret, nesi wa wodi ya watoto, aliyekuwa akivaa jina la Kizungu kifuani kwa sababu matroni alishindwa kulitamka la kwao.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mzigo.

Mwaka sabini mie na Margaret tulikuwa tumepanga nyumba moja Tottenham. Yeye na mumewe, aliyekuwa mwanafunzi, walikaa chumba cha juu, mie cha chini. Malek alikuwa akifanya kazi ya jikoni melini, akiondoka ni miezi minane. Zuweina alikuwa na miezi mitatu Margaret alipojifungua mtoto wa kiume. Siku ya tano homa ya uzazi ikamshika Margaret, gari la wagonjwa likaja likamchukua. Mtoto akabaki.

Maziwa ya kopo yakamkataa. Kila akinyweshwa anatapika. Siku ya tatu hata sauti ya kulia ilikuwa imekwisha, anafumbua mdomo tu. Baba yake alishuka ngazi na chupa mkononi, akasimama mlangoni kwangu.

"Sista, nifanye nini?"

Nikamchukua yule mtoto. Sikufikiri, wallahi sikufikiri. Huyu nikampa titi la kulia, huyu la kushoto. Siku arubaini na moja, mpaka Margaret akaruhusiwa kurudi nyumbani. Mtoto akafanya mashavu. Jina alikuwa bado hana, maana kwao jina huchaguliwa na wazee, na barua kutoka Malaka ilikuwa inangojewa. Tukimwita Kidogo.

Mwaka uliofuata wakafunga mizigo, wakarudi kwao. Malek aliporudi kutoka melini walikuwa wamekwishaondoka, hakuwahi kuonana nao, nami sikumwambia. Ningemwambia, angeniuliza ruhusa nilimwomba nani. Nikanyamaza mwezi, nikanyamaza mwaka, halafu lile jambo likawa kama halikuwako.

Kwa msomaji asiye Mwislamu nitaeleza kidogo. Kwetu sisi, mtoto uliyemnyonyesha ni mwanao. Uliowazaa ni ndugu zake, na hawaoani, kama wasivyooana kaka na dada wa tumbo moja. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitufundisha kuwa mara tano za kushiba zinatosha. Mie mara tano nilizimaliza siku ya kwanza kabla ya magharibi.

Basi mmeelewa Kiat ni nani.

Na sasa niseme lile ambalo sijapata kumwambia mtu. Siku ya kwanza Zuweina alipomleta Kiat nyumbani, miaka miwili nyuma, kijana alikaa kwenye kochi letu, magoti pamoja, adabu zimemjaa, akaniambia: "Mimi nilizaliwa hapahapa, Auntie. Tottenham, mwaka sabini. Mama yangu alikuwa nesi wakati huo."

Nilimsikia.

Nikamuuliza: "Sukari vijiko vingapi, baba?"

Ndivyo nilivyofanya. Swali moja tu lingetosha. Mama yako wenzake walikuwa wakimwitaje? Mlikaa mtaa gani? Sikuliuliza siku ile, sikuliuliza miaka miwili. Nilijiambia London ina manesi wa Kichina chungu nzima, na kila mmoja kazaa.

Waliofuata hadithi hii tangu mwanzo wanajua kwa nini. Mnakumbuka mchumba wa kwanza wa Zuweina, yule wa Thamesmead. Ukumbi umelipiwa, wali wa watu mia mbili uko motoni, akapiga simu Ijumaa kuwa hawezi. Mwanangu alilala akiutazama ukuta wiki tatu. Mie ndiye niliyekuwa nikimuogesha, mwanamke wa miaka ishirini na mbili. Kwa hiyo alipokuja Kiat na Zuweina akaanza tena kuimba bafuni, mie nani wa kuuliza maswali?

Haya, turudi jikoni Harrow.

Margaret alinivuta ndani, akanikalisha kwenye meza, akaanza kunipakulia. Pembeni alikaa bibi yake Kiat, mzaa baba, wanamwita Bibik, mwanamke wa miaka themanini na mbili, mdogo wa umbo, anaponda pilipili na uduvi kwenye kinu cha jiwe. Kiat alikuwa ameshatuambia kuwa bibi yake hajui Kiingereza. Nikamwinamia kumwamkia, naye akaniitikia kwa kichwa na kuendelea na kinu chake.

"Sufuria zote hizi mpya," Margaret akasema. "Nimezinunua jana. Kuku ni wa halali, kutoka duka la karibu na stesheni. Chakula hiki kwetu hupikwa kwa nguruwe, lakini nimesema mwanangu Mwislamu, mkwe wangu Mwislamu, nguruwe apumzike. Kula, Tima!"

Nikala. Kuku na viazi kwenye mchuzi mweusi mzito wa soya iliyochachuka. Tambi zilizoogelea kwenye tui la nazi. Achari, ambayo hata jina lake ni letu. Chakula kilikuwa kitamu.

Malek siku ya kwanza aliposikia kwamba kwao Kiat wanapika chakula cha Nyonya, alicheka mpaka akakohoa. "Yakhe, mtu mzima wewe, bado wanyonya?" Kiat akaeleza kwa upole kuwa Nyonya ndivyo wanavyoitwa wanawake wa Kichina wa kule, wale ambao mababu zao walihamia kwa Wamalai wakachanganya upishi wa huku na huku. Malek akaomba radhi, akacheka tena. Mie sikucheka.

Margaret akaleta vikeki vya kijani vyenye nazi ndani. "Rangi hii si ya dukani. Ni ya jani hili, nusa."

Nikanusa. Rampe, jani letu la harusi!

"Sisi hili twalitia kwenye kikuba, kishada cha maua," nikamwambia. "Pamoja na asumini na rehani. Bibi harusi analivaa kifuani."

"Na sisi tunalila!" Margaret akapiga makofi. "Unaona? Basi Jumapili Zuweina atalivaa, na sisi tutalila."

Hapo nikalia. Nililia mpaka kikeki kikalowa mkononi. Margaret akanipapasa mgongo, akidhani ni furaha, naye akalia ya kwake.

"Ngoja nikuonyeshe kitu," akasema.

Akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa chekundu kilichofungwa fundo, akakifungua polepole. Ndani mlikuwa na kikombe kidogo kisicho na mkono, chekundu, mdomo wake umepakwa dhahabu.

"Vikombe vya kesho ni vya Bibik," akasema. "Viko vinane. Saba tumevifunga kwenye sanduku. Hiki cha nane nimekipakata ndani ya ndege kutoka kwetu mpaka hapa, sikukiachia hata nilipolala. Ni chako."

"Changu? Kwa nini changu?"

"Nilijiwekea ahadi siku ile niliyorudi kutoka hospitali, nikamkuta mwanangu kanenepa. Siku akioa, yule mama aliyemnyonyesha atamiminiwa chai. Nisipomwona, nitakiweka kikombe chake kwenye kiti kitupu. Mara tatu nimeandika barua kwenye ile nyumba ya Tottenham. Zote zimerudi. Na kumbe wewe ndiye mama wa bibi harusi! Tima, kesho utakunywa mara mbili. Mara moja kama mama wa Zuweina, mara moja kama mama wa Kiat. Nani mwingine kapata bahati kama hiyo?"

Alikuwa anang'aa kwa furaha. Yeye aliona baraka mbili. Hakuna aliyemfundisha ninayoyajua mie.

"Kiat anajua?" nikamuuliza.

"Anajua yupo mama aliyemwokoa. Nimemsimulia tangu mdogo. Ila hajui kuwa ni wewe. Nataka nimtazame uso wake atakapojua."

"Usimwambie, Margaret."

"Nini?"

"Usimwambie. Wala Zuweina. Wala mtu yeyote. Kikombe hicho kirudishe mkobani. Niahidi."

Ule uso wake, jamani. Kama mtu aliyekupa zawadi ukamtupia miguuni.

"Unaona haya?" akaniuliza taratibu.

"Sioni haya."

"Basi ni kwa sababu sisi hatukuwa wa dini yenu? Maziwa uliyompa mwanangu unayajutia?"

"La! Wallahi siyajutii. Ninachokuomba ni mpaka Jumatatu tu. Jumatatu nitakueleza mwenyewe."

Jumatatu, nilisema. Yaani baada ya nikaha. Mmesikia wenyewe nilivyokwisha kuamua, bila hata kujishauri.

Margaret akakifunga kikombe fundo. "Nimeahidi," akasema, wala hakunitazama.

Pembeni kule kinu kilikuwa kimenyamaza. Sikujali. Si bibi wa watu hajui Kiingereza?

Kwenye stesheni ya Harrow nikaingia kibanda cha simu, nikampigia sheikh mmoja ambaye sauti yangu haijui.

"Sheikh, kuna jirani yangu ana jambo," nikaanza. Nikamweleza.

"Huyo jirani yako alimnyonyesha mara ngapi?"

"Siku arubaini na moja."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Basi hapo hapana la kutafuta, mama. Huyo ni mwanawe, na binti ni dada yake. Mwambie jirani yako aseme leo, kabla ya nikaha. Akiwaacha wakaoana hali anajua, dhambi yote ya nyumba ile itakuwa juu yake yeye."

"Na kama binti atakufa kwa majonzi?"

"Mama," akasema, "jirani yako ni nani?"

Nikakata simu.

Nilipanda treni nikiwa nimekata shauri kusema. Nawaapieni. Nilifanya mazoezi njia nzima, watu wananitazama midomo inavyonicheza. Zuweina, mwanangu, kaa kitako, nina neno. Nilifika nalo mpaka mlangoni kwetu.

Nikamkuta kakaa juu ya mkeka sebuleni, mikono na miguu imejaa hina, vidole kavitawanya, hawezi kushika kitu. Zuweina kazaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini mie nikisema naye Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza, tangu mdogo. Nimeshazoea.

"Zuweina, nina neno."

"Subiri, Mum. Nikwambie kwanza." Akacheka, lakini macho yake hayakuwa yanacheka. "Leo kila simu ikilia moyo unaniruka. Ile mara ya kwanza pia ilikuwa Ijumaa. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Najua ni ujinga. Kiat si yule. Lakini mpaka Ijumaa iishe sitapumua."

Na simu ikalia, ukumbini, wakati uleule. Nilimwona mwanangu anabadilika rangi. Mikono ina hina, hawezi kuinuka. "Mum, pokea. Mum, please."

Nikapokea. Alikuwa Kiat. Alitaka kujua tuna viti vingapi vya kukunja.

"Anauliza viti," nikamwambia.

Zuweina akalaza kichwa nyuma ukutani akacheka kwa nguvu, machozi yanamtiririka, hawezi hata kujifuta. Nikamfuta mie, kwa ncha ya kanga yangu.

"Ulikuwa na neno gani, Mum?"

Nikamtazama mwanangu. Miaka minne nilikuwa sijamwona anacheka vile.

"Nilitaka kujua kama umekula," nikasema. "Fumbua mdomo nikulishe."

Nikamlisha.

Jumamosi saa nane mchana tulikuwa Harrow. Zuweina kavaa nguo nyekundu aliyoletewa na Margaret, na kichwani mtandio wake. Juu ya meza chakula kimejaa, na wageni, wote wa upande wao maana wetu tuliwaalika Jumapili, wanakula na kusifu. Malek alikwishamaliza vikeki vitatu vya kijani, cha nne anacho mkononi.

Mambo ya chai hii yalitaka kutuletea ugomvi mwezi mzima. Kwao maharusi hupiga magoti mbele ya kila mzee, wakampa kikombe kwa mikono miwili. Malek akasema Mwislamu hampigii magoti binadamu. Wakavutana. Mwisho Bibik mwenyewe akatuma salamu: leteni vigoda viwili, watoto wakae, atakayewaona wafupi na awaone wafupi. Malek alimpenda yule bibi tangu siku hiyo.

Basi wakakaa kwenye vigoda. Kwanza Bibik. Kila mzee anatajwa cheo chake, anapewa kikombe, anakunywa, anatoa zawadi. Ukinywa, umewapokea na umewabariki. Asiyekunywa kawakataa mbele ya watu. Baada ya Bibik akafuata Margaret, na kiti kando yake kwa ajili ya marehemu mumewe. Halafu shemeji yake mwenye nyumba. Halafu ikawa zamu yetu.

Malek akanywa akamvisha Kiat saa. Mie nikanywa, nikamvisha Zuweina bangili ya marehemu mama yangu. Chai ilikuwa tamu, ina tende nyekundu ndani. Margaret hakunitazama hata mara moja, wala hakusema neno. Ahadi yake aliishika.

Watu wakapiga makofi. Nikadhani nimeokoka.

Ndipo Bibik akainuka kwenye kiti chake.

Akasema maneno marefu kwa lugha yao. Nikamwona Margaret anaziba mdomo kwa mkono. Akanigeukia, anatikisa kichwa. "Si mimi, Tima. Sikumwambia mimi."

"Bibi anasema nini?" Malek akauliza, anacheka.

Kiat akatafsiri, naye anacheka. "Anasema chai haijaisha. Bado mtu mmoja. Anasema Kiingereza chake cha kusema ni kibovu, lakini masikio yake ni mazima, na watu wasidhani bibi kizee akiponda pilipili hasikii."

Watu wakacheka. Mie nikashika mkono wa kiti.

Bibik akaenda kwenye mkoba wa Margaret, akaufungua bila kumwomba mtu, akatoa kitambaa chekundu. Akafungua fundo. Akamimina chai mwenyewe. Huku anamimina, anasema.

Kiat akaendelea kutafsiri, ila sasa alikuwa amepunguza sauti. "Anasema katika nyumba yake hakuna mtu aliyelisha mjukuu wake halafu akakaa asihesabiwe. Anasema nilipokuwa mchanga, mama yangu yuko hospitali, yupo mama aliyeninyonyesha siku arubaini na moja." Akasita. "Anasema yumo humu ndani."

Kiat akazungusha macho, uso wake wazi kama wa mtoto. Bibik akamshika bega, akamgeuza kwangu.

"Auntie?" Kiat akasema.

Nikatazama zulia.

"Auntie, ni wewe? Maisha yangu yote namuuliza Mama, yuko wapi. Ni wewe?"

Akakisukuma kigoda pembeni. Akapiga magoti kwenye zulia mbele yangu, akapokea kikombe kwa bibi yake, akaniinulia kwa mikono miwili. Na Kiswahili chake kidogo, alichofundishwa na mwanangu kwa ajili ya siku hii, akakitumia chote.

"Mama," akasema. "Karibu chai."

Nilimjua. Yale mashavu niliyafanya mie. Nilitamani kumshika kichwa nimwambie ndiye, baba, ndiye mie, karibu mwanangu. Ni jambo jema kuliko yote niliyowahi kufanya duniani, na nilikuwa nalikana mbele yake.

Kisha nikamtazama Zuweina.

Zuweina alisoma chuoni miaka saba. Yeye ndiye aliyemfundisha Kiat dini, mlango kwa mlango wa kitabu, pamoja na mlango wa ndoa na wasioweza kuoana. Alikuwa bado kakaa kwenye kigoda chake. Akamtazama Kiat, akakitazama kikombe, akanitazama mie. Nikaona uso unampauka. Bangili ya mama yangu akawa anaizungusha mkononi, anaizungusha, anaizungusha.

Hakulia. Akainama karibu yangu, na mwanangu ambaye miaka ishirini na sita hunijibu Kiingereza, siku ile alinisemesha Kiswahili, ili wale watu wasielewe.

"Mama, usinywe."

"Zuweina..."

"Nakuomba, Mama. Sema si wewe. Sema bibi kakosea. Sema tu."

Kiat yuko magotini, kikombe kakiinua, na yeye anatabasamu, maana hakuelewa hata neno moja. Mtoto niliyemnyonyesha anangoja ninywe. Mtoto niliyemzaa ananiomba nisinywe, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe ananiomba kwa lugha yangu.

Lakini humo sebuleni alikuwamo mtu mmoja mwingine anayesikia Kiswahili.

Malek alikiweka kikeki chake mezani. Hakuwa anacheka tena.

"Mwatima," akasema. "Kwa nini useme si wewe?"